Maswali Yenu: Bunduki ya Kuwindia Mbali kwa Dola 1,500

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni mwaka wa tatu tangu familia yetu ihamie Boise, Idaho. Wenzangu kazini wananialika milimani mwezi wa Oktoba kuwinda elki na kulungu. Wanasema mnyama wa huko unamwona ng'ambo ya bonde, yadi 300 hadi 500. Nina dola 1,500 kwa kila kitu. Dukani nimeonyeshwa Ruger American, Savage 110, Tikka T3x na Bergara B-14, na muuzaji akanisukumia ile ya bei ya juu. Nichukue ipi? (Msomaji, Boise)

JIBU: Ndugu yetu, gawa pesa kwanza kabla hujashika bunduki yoyote. Takriban dola 700 ziende kwenye bunduki, 420 kwenye darubini, 80 kwenye reli na pete za kuishikilia, na 300 zilizobaki zote zinunue risasi. Bei hupanda na kushuka kati ya duka na duka, lakini mgawo huo usiuvunje. Aliyetoa dola 1,000 kwa bunduki hurudi nyumbani na darubini ya dola 150 na pakiti mbili za risasi, na huyo ndiye anayekosa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ulengaji hupimwa kwa dakika ya pembe: dakika moja ni takriban inchi moja kwenye yadi 100, inchi nne kwenye yadi 400. Sehemu ya kifua cha kulungu yenye moyo na mapafu ina upana wa inchi kama kumi. Kwa hiyo hata bunduki ya dakika moja na nusu, ambayo wajuzi wa madukani huicheka, inaweka risasi ndani ya inchi sita kwenye yadi 400. Bunduki zote nne ulizoonyeshwa zinafikia hapo. Kinachokosesha ni upepo, umbali uliokadiriwa kwa macho, na kidole kinachovuta triga kwa pupa.

Basi Bergara iache. Si mbaya hata kidogo, ila itakula pesa ya darubini.

Tikka T3x Lite hutengenezwa Finland na kampuni ya Sako. Bolti yake (chuma cha kukokea risasi) huteleza kama imepakwa mafuta, na kiwanda huahidi dakika moja ya pembe kwa risasi tatu. Uzito wake ni kama kilo tatu bila darubini, jambo ambalo mabega yako yatalishukuru kwenye mlima wa Idaho. Ukiipata chini ya dola 750, chukua hiyo.

Usipoipata, Ruger American ya toleo la pili ndiyo tunayokushauri. Bei yake ni rahisi zaidi, na mtutu wake umechongwa tayari uzi wa kufungia kizibo cha kupunguza teke la bunduki begani. Udhaifu wake ni ule wa vitako vyote vya plastiki vya bei hiyo: sehemu ya mbele hupinda. Jaribu hivi. Pitisha noti ya dola kati ya mtutu na kitako, iteleze hadi karibu na chemba. Sasa egemeza bunduki kwenye miguu miwili ya kuegemezea, kama umeifungia, isukume mbele kwa bega kama unayetaka kupiga, halafu mwenzako avute noti. Ikikwama, mtutu unagusana na plastiki, na matundu ya risasi zako yatahama kila ukibadilisha namna ya kuegemea. Dawa yake ni kipande cha bomba kilichozungushiwa msasa: sugua nacho ndani ya mfereji wa kitako hadi noti ipite huru. Au usitumie miguu hiyo, lalisha bunduki juu ya begi la mgongoni. Ni bure, na mara nyingi hutulia zaidi.

Savage 110 hupiga vizuri kwa bei yake, na triga yake ya AccuTrigger unairekebisha mwenyewe. Ina ulimi mdogo katikati. Ukivuta triga kwa upande bila kuubonyeza ulimi, bunduki hujifunga na haitafyatuka mpaka uinue bolti tena. Ni usalama mzuri, lakini mwenye glavu nene asubuhi ya baridi aizoee mapema.

Kwenye darubini, ukuzaji wa mara 4 hadi 16 unatosha na kubaki. Tafuta yenye nati ya juu (ya kupandisha na kushusha shabaha) iliyo wazi, ya kuzungusha kwa vidole, na yenye kizuizi cha kuirudisha sifuri, yaani pale ulipoilinganisha mwanzo. Vortex Diamondback Tactical 4-16x44 inaingia kwenye bajeti yako, lakini haina kizuizi hicho wala kufuli ya nati, kwa hiyo chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaounganisha nati na kiwiliwili. Ikijizungusha ndani ya begi utaiona.

SWALI: Mume wangu anataka bunduki ya risasi za 6.5 Creedmoor. Shemeji anasema hiyo ni ya kulungu tu, kwa elki tununue 7mm PRC au .300 Winchester Magnum. Nani ana haki? (Mama wa watoto watatu, Twin Falls)

JIBU: Dada yetu, kila mmoja ana haki mpaka yadi fulani. Risasi ya 6.5 Creedmoor ya greni 143 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) hutoka mtutuni kwa takriban futi 2,700 kwa sekunde, na kwenye yadi 500 bado ina kama futi 2,000. Risasi nyingi za kuwindia huhitaji kama futi 1,800 ili zipanuke vizuri ndani ya nyama, kwa hiyo kasi ipo. Nguvu ndiyo inayopungua. Kwa elki tungemwambia mume wako asivuke yadi 350 na Creedmoor, na achague risasi ngumu isiyopasuka kwenye mfupa wa bega.

.300 humpa shemeji nguvu ya ziada, lakini katika bunduki nyepesi teke lake ni mara mbili ya lile la Creedmoor, wakati mwingine zaidi. Anayeanza hulipokea mara kumi, kisha macho yanaanza kufumba kabla bunduki haijafyatuka. Risasi zake pia ni ghali, kwa hiyo mazoezi hupungua. Hapo nguvu yote ya magnamu huishia kwenye udongo nyuma ya elki, au vibaya zaidi, tumboni mwake.

Na kuna jambo ambalo kaliba, yaani ukubwa wa risasi, haiponyi. Kwenye yadi 400 risasi huchukua kama nusu sekunde kufika. Elki anayetembea taratibu husogea zaidi ya nusu mita katika muda huo. Mnyama anayetembea kwa umbali huo hapigwi, awe anawindwa na Creedmoor au .300.

SWALI: Bunduki mpya, darubini mpya, na matundu yangu yametawanyika kama mvua ya mawe: inchi nne kwenye yadi 100. Niirudishe dukani? (Msomaji, Boise)

JIBU: Bado. Kosa huwa kwenye skrubu mara nyingi kuliko kwenye mtutu. Toa darubini, kaza skrubu za reli upya kwa gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, kisha kaza skrubu za vifuniko vya pete kwa mpangilio wa msalaba hadi inchi-pauni 15 au 18 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa bisibisi yenye kipimo. Mkono haujui tofauti ya 15 na 30, na 30 huminya bomba la darubini. Skrubu za kitako nazo fuata kipimo cha kitabu cha bunduki yako. Ukiwa hapo, acha nafasi ya sentimita tisa hivi kati ya jicho na kioo. Wanaoisahau hujulikana kwa alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi.

Piga tatu, kisha ngoja. Mtutu mwembamba wa kuwindia ukipata moto hutupa risasi ya nne na ya tano pembeni, na mtu huilaumu darubini. Ukiushika na kushindwa kuacha mkono kwa sekunde tano, weka bunduki chini unywe chai. Jaribu pia aina mbili au tatu za risasi, kwa sababu mtutu mmoja huzipenda hizi na kuzikataa zile.

Matundu yakishakusanyika, pima kama nati inasema kweli. Chora mstari wima kwa timazi kwenye karatasi ndefu, piga tatu kwenye yadi 100 ukilenga alama ya chini, zungusha dakika 20 juu, piga tatu tena ukilenga palepale. Makundi mawili yaachane kwa inchi 21 kasoro kidogo. Yakiachana kwa inchi 19, darubini inadanganya kwa asilimia kama kumi, na hiyo ndiyo ya kurudisha dukani.

Programu ya simu ya kukokotoa mshuko wa risasi nayo usiilishe kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Kasi hiyo mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24. Wako ukiwa wa 22, punguza kama futi 50. Kwenye yadi 500 tofauti ni kama sentimita tano au sita. Upepo wa maili kumi kwa saa, kwa umbali huohuo, huisukuma risasi kama sentimita 40, kwa hiyo ujue kipi cha kukukosesha usingizi.

SWALI: Tulikuja kama wakimbizi, bado hatuna uraia. Tutauziwa? Na kuna vifaa vilivyokatazwa? (Msomaji, Boise)

JIBU: Aliyepokelewa kama mkimbizi au mwenye kadi ya kijani anaweza kununua, mradi hana kizuizi kingine cha kisheria. Duka lenye leseni litakupa fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua bunduki, na kukuchunguza kabla ya kukuuzia. Beba kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa, pamoja na namba yako ya uhamiaji. Kwa leseni ya kuwinda, kwa kawaida Idaho humtaka aliyezaliwa tangu Januari 1, 1975 awe amepita mafunzo ya uwindaji.

Bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa isizidi pauni 16 pamoja na darubini na kila kilichofungwa juu yake. Kifaa cha umeme hakiruhusiwi kufungwa kwenye bunduki, isipokuwa darubini ambayo betri yake huwasha alama ya kulengea tu. Kipima umbali cha leza kibaki mkononi au mfukoni.