Barua kwa mwanangu: sanduku la kufuli tatu

Mwanangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa nasonga ugali sikuipata vizuri, ya pili mdogo wako kaniwekea spika, ya tatu nikaisikiliza peke yangu kitandani. Umeniuliza hivi: "Mama, hivi watu wa siku hizi wamekata tamaa au bado wana matumaini? Maana huku kazini kila mtu anasema nchi hii hamna kitu, wote wapigaji, halafu haohao jioni wanaposti kesho yetu ni njema, mi sielewi nishike lipi." Nikaona nikuandikie, maana nikikujibu kwa voisi bando litaisha kabla sijafika nusu. Soma taratibu.

Kwanza nikubaliane na wewe, midomoni watu hawaamini kitu. Hata huku Newala ukikaa stendi na vijana wa bodaboda nusu saa tu utasikia, barabara ikichongwa swali la kwanza ni nani kala, mtu akifaulu mtihani kahonga, mtu akijenga kafanya mambo ya giza, harusi yenyewe watu wako kwenye pilau wanaulizana itafika Ramadhani ijayo? Na sio sisi tu. Nilisoma kwenye simu kwamba Marekani kule wana tabia ya kuwauliza watu swali moja miaka yote, je watu wengi wanaaminika, mwaka 1972 karibu nusu walisema ndiyo, ilipofika 2018 ni kama theluthi tu. Kwaiyo ugonjwa huu unatembea, sio wa Kusini.

Ila wa kwetu una sababu zake na mi siwezi kumlaumu mtu. Babu yako mzaa baba alikuwa kijana Waingereza walipokuja Nachingwea na mradi wa karanga, 1947, matrekta, reli mpaka bandari ya Mtwara, watu wakaambiwa sasa mtatoka. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli baadae ikang'olewa kabisa, babu alikuwa anatuonyesha tuta ilipopita anasema hapa ndo maendeleo yalipita yakaenda zake. Halafu likaja la gesi hilo unalikumbuka mwenyewe, 2013 ulikuwa sekondari, watu wamekopa wamejenga gesti, viwanja vimepanda bei, kila mtu anasema Mtwara inakuwa Dubai, kisha ikajulikana bomba linaenda Dar, ikawa vurugu mpaka watu wakapoteza maisha, na bomba likazinduliwa 2015. Lindi nao mpaka leo wanasubiri kiwanda cha gesi pale Likong'o. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu wa namna hii akikwambia "hamna kitu hapo" usimwone ana roho mbaya, alishawahi kutumaini kuliko wewe, akaumia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka ulishike. Mi nimefanya kazi zahanati miaka ishirini na kitu, na kitu nilichojifunza pale ni kutomsikiliza mtu mdomo tu, mtazame na mikono.

Kuna mama mmoja sitamsahau, ilikuwa miaka ya tisini, siku ya kliniki ya watoto. Ametoka kijijini gizani, miguu vumbi mpaka magotini, na unajua maji ya huku juu yalivyokuwa, huyo kabla ya kuja alishashuka bondeni kuteka ndoo yake akapanda nayo. Kafika kwenye foleni anaongea kwa sauti wote tunamsikia, haya masindano yenu mnatujaribia sisi maskini, mnajaza madaftari mkalipwe, mtoto akifa mtasema mapenzi ya Mungu. Ameongea hivyo mpaka zamu yake ikafika. Na huku anaongea anamfungua mtoto kanga mgongoni, anamvua kijishati, anamning'iniza mwenyewe kwenye mzani, anautoa ule mkono mdogo anaushika vizuri asirukeruke nipate kumchoma surua. Kashika kwa nguvu kabisa. Akafunga kanga akaondoka bado analaumu. Na mwezi uliofuata karudi.

Nimefikiria sana yule mama. Ukimhoji angekwambia hana imani na serikali, hana imani na mimi, hana imani na sindano. Lakini alitembea. Na kwa sababu wengi walitembea hivyohivyo huku wananung'unika, angalia hesabu za nchi: mwaka 1999 katika watoto 1,000 waliozaliwa, 147 walikuwa hawafiki miaka mitano. Utafiti wa 2022 umekuta 43. Arobaini na tatu bado ni wengi mno na kila mmoja ana mama yake, nayajua haya kwa sababu wapo niliowafunika shuka kwa mikono yangu. Lakini mwanangu, kutoka 147 mpaka 43, na kijiweni hutamsikia mtu hata mmoja akiitaja.

Au mtazame babu wa ng'ambo ya barabara. Kila msimu anaapa, mwaka huu nakata mikorosho yote nachoma mkaa, makato mengi, malipo yanachelewa. Na kweli yapo, mimi mwenyewe kuna mwaka chama cha ushirika kilinikalisha miezi bila hela yangu mpaka nikauza mbuzi kukulipia ada. Lakini ukifika msimu wa salfa, ile dawa ya unga wa njano ya mikorosho, toka nje alfajiri umande haujakauka upepo haujaanza, utamsikia babu na mota yake ya kupulizia mgongoni, anatoka shambani kope za njano, nyusi za njano. Zao hili lilishakufa mikononi mwetu, msimu wa 1973/74 nchi ilitoa zaidi ya tani 140,000, ilipofika 1986/87 haikufika hata 20,000, watu walihamishiwa vijiji vipya wakaiacha mikorosho mbali, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ikawa ya kuchekesha. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wakahangaika na salfa na mbegu bora, na 2017/18 zikavuka tani 300,000. Wataalamu walileta dawa, ila waliobeba mabomba mgongoni ni kina babu, haohao wanaosema hamna kitu.

Sasa kuhusu hawa wenzako wanaoposti kesho njema. Hapo nina wasiwasi kidogo. Kuna tumaini la mkono na kuna tumaini la kidole tu. Kijana anasema hamwamini mtu yeyote, baba yake mwizi, mwenyekiti mwizi, halafu anatuma elfu kumi kwa mtu asiyemjua hata sura eti amtumie mkeka wa kubeti wa uhakika. Hapo unaona kabisa kwamba mtu hawezi kuishi bila kuamini kitu, akishaacha kuwaamini watu wa karibu anabaki na imani mkononi hajui aipeleke wapi, na wajanja wanaijua hiyo njaa.

Nikupe na hii ya kikoba chetu. Nilisoma habari ya watafiti waliojifanya wameokota pochi, yani walipita nchi 40, Kenya ikiwemo, wakawa wanampa mtu wa mapokezi pochi wanamwambia nimeiokota hapo nje, pochi zaidi ya 17,000, matokeo wakayatoa 2019. Zenye hela ndani zilirudishwa zaidi kuliko zisizo na hela. Wakati watu walipoulizwa wakisie walisema kinyume. Basi Jumapili nikawauliza wenzangu kwenye kikoba, tuko ishirini na wawili, hapa Newala pochi yenye laki mbili ikiokotwa itarudi? Wote, hairudi, hairudi, mama we unaota. Nikauliza haya, ukiiokota wewe? Kimya kidogo, halafu mmoja mmoja, mimi ningerudisha. Ishirini na wawili! Tukatazamana pale. Kila mtu anajijua yeye ni mwema na anaamini wabaya ni hao wengine, na hao wengine ndo hao waliokaa naye mkeka mmoja.

Na haya tunayasema tumelizunguka sanduku. Unalijua lile sanduku, la bati, rangi ya kijani, lina kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, sanduku lenyewe analala nalo mtu wa nne. Mgeni anaweza akasema hawa wanawake hawaaminiani ndo maana wameweka kufuli tatu. Hapana. Asiyeamini kabisa hayupo pale, kakaa nyumbani na hela yake chini ya godoro anasema vikoba ni wizi. Sisi tumeweka kufuli kwa sababu tunataka tuaminiane na tunajijua sisi ni binadamu, hata mimi siku mtoto anaumwa usiku nikiwa peke yangu na ufunguo wa sanduku zima sijui ningefanyaje.

Kwaiyo jibu langu kwa swali lako, watu hawajakata tamaa, waliyochoka nayo ni maneno makubwa yanayotoka mbali. Tumaini limehamia karibu, kwenye mche, kwenye mtoto, kwenye sanduku. Naona hivyo na sijali kama huko mjini wanaona tofauti.

Ila kuna kitu kwenye voisi yako ulikipita harakaharaka mi nikakisikia. Umesema wenzako wanne wamekuita mchange mnunue kiwanja, ukakataa kwa sababu "watanipiga tu mama". Hapo ndo moyo uliniuma, maana hujasema umewachunguza, hujasema mmoja wao aliwahi kukudhulumu, umesema tu. Sikwambii uwape hela. Rudi uwaulize nani anashika risiti, akaunti inasainiwa na wangapi, na akitaka kutoka mmoja anatokaje. Wakikataa maswali hayo, ondoka na usirudi. Wakikubali, kaa nao chini.

Na Desemba omba likizo uje. Mvua zikishika nina miche arobaini ya korosho nimeinunua ya kubebesha, iko kivulini nyuma ya jiko naimwagilia kwa kopo asubuhi na jioni. Mashimo sijachimba, ni ya kwako hayo, mita kumi na mbili kati ya shimo na shimo, nimeshapima kwa kamba na vijiti nimechomeka. Viatu vya shamba vya marehemu baba yako vipo, nimevisafisha.

Mama yako.