Wadogo zangu wa zamu ya usiku, moto unataka hewa kabla ya kuni

Kila tanuri la anagama, lile la Kijapani la kuchomea vyombo vya udongo kwa kuni, likiwashwa, makosa ni yaleyale. Kijana amefinyanga yunomi safi, yaani vikombe vya chai vya Kijapani, zimekauka vizuri, halafu anaziua kwa saa chache mbele ya mdomo wa tanuri. Inauma kuona. Someni haya kabla ya zamu yenu.

1. Ujue udongo wako. Ule wa Bizen, unaochimbwa chini ya mashamba ya mpunga huko Imbe, Japani, ni laini, una chuma kingi na hauvumilii joto la haraka. Ndiyo maana wazee wa kule huchoma siku kumi hadi wiki mbili, bila kupaka glezi (utando wa kioo). Wa Shigaraki, mji mwingine wa ufinyanzi huko Japani, una chembechembe za feldispa (aina ya madini) na unastahimili zaidi. Ukichukua ratiba ya Shigaraki ukaipa vikombe vya Bizen, utatoa vigae. Mfinyanzi Kaneshige Toyo, ambaye mwaka 1956 serikali ya Japani ilimtambua kuwa Hazina Hai ya Taifa, alifufua Bizen ya enzi ya Momoyama (mwishoni mwa karne ya 16) kwa udongo na moto tu, na hakuna aliyewahi kufika huko kwa pupa.

Kwa yunomi moja gramu 350 zinatosha. Gandamiza kitako ukiwa bado kwenye gurudumu, la sivyo kitapasuka kwa umbo la S.

2. Kupanga. Kila kikombe kikae juu ya vidonge vitatu vya kaolini (udongo mweupe) na alumina (unga usioyeyuka tanurini), nusu kwa nusu. Ukikilaza ubavu, tumia maganda ya kombe yaliyojazwa mchanganyiko huohuo: ganda huungua likawa chokaa, na ukilitia maji baada ya kuchoma linasambaratika lenyewe, likiacha alama yake kwenye udongo. Usibananishe vyombo. Moto hupita penye nafasi. Ukiuzibia chini utakimbilia juu, na safu ya chini ibaki mbichi.

3. Sasa hili, na nitalisema taratibu. Joto limefika nyuzi 1,100 za Selsiasi, sindano ya kipima joto imegoma. Kijana anaingiwa na hofu, anatia kuni. Sindano haijasogea, anatia tena. Bomba la moshi linatoa moshi mweusi, naye anaona huo ndio moto mkali. Hapana! Moshi mweusi ni kuni iliyokosa hewa; nguvu uliyoilipia inatokea bombani. Wakati huohuo makaa yanapanda, yanaziba matundu ya hewa ya chini, yanafukia vikombe vya mbele. Joto linashuka. Na yeye anatia kuni.

Hasara yake haiishii kwenye kuni. Udongo wenye chuma ukikosa oksijeni kupita kiasi, chuma chake huanza kuuyeyusha. Uso unajifunga kabla gesi za ndani hazijatoka, na kikombe kinavimba malengelenge. Hakuna dawa ya hapo. Na jivu la kuni lililotua juu ya kikombe bila kuyeyuka linabaki kavu, linakwaruza mdomo wa mnywaji.

Kwa hiyo sindano ikigoma, weka kuni chini. Fungua matundu ya chini, koroga makaa kwa chuma kirefu mpaka yang'ae. Tazama bomba: ulimi wa moto urudi ndani, moshi uishe. Chungulia tunduni: ukiviona vikombe waziwazi, hewa imerudi. Hapo ndipo utie vipande vyembamba vya msonobari mwekundu, vikavu, vichache, kisha ungoje tena. Tanuri linalopumua vizuri linanguruma kwa sauti moja. Likianza kukohoa, umelishindilia. Msichanganye jambo hili na sangiri, ambapo makaa hutupwa juu ya vyombo mwishoni kwa makusudi ili vipate rangi ya kijivu na buluu. Ile ni kazi ya fundi anayejua saa imefika.

Na msiabudu kipima joto peke yake. Koni, vile vipande vya udongo vinavyopinda tanurini, zinapima joto pamoja na muda, na jivu linahitaji vyote viwili ili liyeyuke: pita nyuzi 1,230, kisha shikilia.

4. Hidasuki, yaani pambo la mistari myekundu: zungushia kikombe majani makavu ya mpunga, ukifiche ndani ya chombo kikubwa jivu lisikifikie. Potasiamu ya majani ikikutana na chuma cha udongo, mistari myekundu hujichora.

5. Kufungua. Ziba kila tundu kwa udongo, kisha ondokeni. Tanuri kubwa linataka karibu wiki. Kwenye nyuzi 573 kwatzi, madini yaliyomo ndani ya udongo, hunywea ghafla, na hewa baridi ikiingia wakati huo utasikia vikombe vikilia kimoja kimoja. Mkono ukivumilia ndani, fungua.

Vikitoka, sugua kitako kwa jiwe, pitisha kidole mdomoni kutafuta jivu kali, kisha kijaze maji na ukiache juu ya karatasi usiku kucha. Karatasi ikilowa, kikombe hicho hakiuzwi.