Usimshonee mtoto

Anayeharibu klabu ya ushonaji ya watoto mara nyingi ni mtu mzima mwenye huruma. Mtoto anahangaika, mshono umekwenda upogo, mwalimu anashindwa kuvumilia: "Lete nikuonyeshe kidogo." Akishaishika ile kazi hakomei kuonyesha, anaimaliza. Mtoto anarudi nyumbani na mfuko mzuri ulioshonwa na mwalimu, na wiki inayofuata ukimwambia ashone mwingine anakutazama tu.

Nafundisha watoto wa mtaani kwetu hapa Mombasa, jioni wakitoka madrasa na zaidi wakati wa likizo. Ushauri wangu mkubwa ni huu: onyesha kwenye kitambaa chako, usiguse chake. Kaa naye jamvini, wewe na kipande chako, yeye na chake. Akikosea, kosea na wewe makusudi, ufumue mbele yake, ushone tena taratibu. Mtoto akiona mtu mzima anafumua bila kununa, na yeye hafichi kazi yake chini ya mkeka.

Ukishaamua kutomshonea, itabidi umpe kazi anayoiweza, na hapo kitambaa ndicho kinachoamua. Kitambaa cha dera kinateleza hata kwa fundi. Satini inakimbia, na kitambaa cheusi cha buibui kinawachosha macho kwa sababu hawaoni sindano imeingilia wapi. Kinachofaa ni vipande vya sare za shule: vimekakamaa kidogo, vinakaa pale unapovikunja. Mafundi wa sare hawakunyimi, ila usiwaendee shule zikikaribia kufunguliwa Januari ukataka mazungumzo. Wakati huo ndio vipande vinajaa, lakini fundi hana hata nafasi ya kukutazama. Mwachie gunia tupu mapema, ukalichukue pilika zikipungua.

Kwa mshono wa kwanza wa mkono, sijaona kitabu cha mazoezi kinachoishinda leso (kanga) iliyochakaa. Tazama pindo lake: kuna mistari imechapwa mizuri, mirefu, imenyooka, inazunguka mji wote, yaani sehemu ya katikati ya leso. Mpe mtoto uzi wa rangi inayopiga kelele, mwambie apige bandi juu ya mstari ule, aingie na kutoka, aingie na kutoka. Huna haja ya chaki wala rula. Akipotoka anajiona mwenyewe, huna haja ya kumwambia. Akifika kwenye kona anajifunza kugeuka. Nusu ya upande mmoja inatosha kwa siku ya kwanza, na wengine watataka kuendelea mpaka adhana ya magharibi.

Baada ya hapo wanaingia kwenye leso mpya, na hapo ndipo wanapojiona watu. Leso huuzwa doti, mbili zimeungana, na lazima zikatwe katikati na kupindwa ndipo zivaliwe. Ukipita Biashara Street utawakuta mafundi na cherehani zao nje ya maduka, kazi yao hiyohiyo. Kingo ndefu hazihitaji kitu, zimefumwa zikafungwa kiwandani. Za kushughulikia ni zile fupi tu, zilizokatwa. Kunja kidogo, kunja tena ili nyuzi zilizochomoza zifichike ndani, piga bandi, kisha shona. Kukata nakata mimi. Hapo ndipo pekee ninapovunja sheria yangu, maana doti ikikatwa vibaya ni hasara ya mama wa watu. Kupinda wanapinda wenyewe, na yule mama akiivaa kwenda harusini mtoto hatalala bila kuwaambia jirani wote.

Sasa mambo madogomadogo. Uzi usizidi dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Watoto hupenda kukata uzi mrefu ili wasitunge tena, halafu wanashinda wakifungua mafundo. Kabla ya kutunga, ncha ya uzi ikatwe upya, tena kwa mshazari. Kuilamba tu haitoshi kama imeshachanuka. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi hata siku moja (wangu una kitambaa chekundu kwenye mpini, na anayeugusa kwa karatasi anafagia chumba). Msimu wa kaskazi mikono inatoka jasho, sindano inateleza na kushika kutu upesi. Weka poda karibu, na sindano zikae kwenye kipande cha flana kilichotiwa tone la mafuta ya cherehani. Sindano zihesabiwe zikitoka na zikirudi, kwa sababu watoto wanakaa peku na sindano ikizama kwenye mkeka ni balaa. Sumaku ya spika mbovu, ukiiburuza juu ya mkeka, huipata upesi kuliko macho.

Walio chini ya miaka saba wasikose cha kufanya. Wape neti za vitunguu na shazia butu, zile sindano nene, watunge uzi wa sufu kwenye matundu. Wataita kazi hiyo jina lolote watakalo, samaki, meli, feri ya Likoni. Usibishane nao.

Cherehani ya miguu ni somo peke yake. Taabu ya mtoto hapo iko miguuni: anakanyaga, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, naye anaamini cherehani inamchukia. Kwa hiyo mwanzoni toa uzi kabisa. Weka sindano iliyokwisha makali, mpe karatasi ya daftari yenye mistari, afuate mstari kwa matundu matupu. Gurudumu analianza kwa mkono, sehemu ya juu ikija upande wake, ndipo miguu ipokee. Hapati uzi mpaka aweze kusimama pale ninapomwambia simama. Kona nayo ina utaratibu: sindano ibaki chini ndani ya kitambaa, mguu wa kubania uinuliwe, kitambaa kizungushwe, mguu urudi. Akilishika hilo, mfuko wa sokoni unaondoka bila msaada. Kwetu mifuko ya kitambaa haikosi wa kuitumia tangu ile ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Kenya nzima Agosti 2017, kwa hiyo kazi ya mtoto haitundikwi ukutani, inakwenda soko la Kongowea kubeba nyanya.

Nitaulizwa kuhusu wavulana. Baba mmoja alinijia mlangoni akauliza, "Mwalimu, huyu kijana wangu unamfundisha kazi ya kike?" Nikamuuliza kanzu aliyovaa kashonewa na nani. Akacheka, akasema fundi fulani wa Majengo, mwanamume. Basi yakaisha. Mji huu mafundi wengi wa barabarani ni wanaume, na kofia za kushona kwa mkono, zile zenye vitundu vidogovidogo vilivyozungushiwa uzi, zina wanaume wanaozishona na kuziuza miaka nenda miaka rudi. Ukiwa na kofia moja ya namna hiyo, wape wavulana waigeuze waitazame kwa ndani. Watakaa kimya muda mrefu kuliko ulivyotarajia.

Anayetumia mkono wa kushoto usimlazimishe wa kulia, hata kama nyumbani wanamkaripia kwenye chakula. Sindano si kijiko. Usikae ubavuni pake, kaa mkabala naye uso kwa uso, aige mikono yako kama anavyojitazama kwenye kioo. Mkasi ndio utamsumbua zaidi, kwa hiyo mtafutie ulio mkali kweli, maana mkasi butu kwa mkono wa kushoto hutafuna kitambaa badala ya kukata.

Kusuka ukili, ule mkanda wa miaa unaoshonwa kuwa mkeka, mimi sifundishi. Mtaani hakukosi bibi anayejua, na mikono ya bibi inasema kuliko maneno yangu. Mwalike, mletee miaa iliyokwisha kuchanwa, mwandalie chai ya tangawizi na mahali pa kuegemea. Jambo moja tu: mabibi nao huchukua kazi ya mtoto wakaimaliza, wakisema wanamnyoosha. Mwambie kwa adabu kabla watoto hawajafika, "Bibi, nakuomba leo waache wasuke wenyewe." Atakuona mtu wa ajabu, lakini atakubali.

Halafu itakuja siku mtu ataona mifuko yenu na kutaka kuagiza mingi kwa ajili ya duka lake. Fedha inavutia, hasa klabu ikiwa haina hata uzi. Mimi nakataa oda ya haraka. Mteja anataka mifuko inayofanana, na ili ifanane mwalimu ataanza kufumua na kushona upya usiku, na watoto watageuka wa kukata nyuzi na kubeba. Akikubali kununua ile iliyopo jinsi ilivyo, mishono ya upogo na yote, achague, na bei aitaje aliyeishona. Akitaka yote sawasawa tena kwa wiki moja, namwonyesha njia ya kwenda kwa mafundi.