Jibu: Mwenzetu kachapishiwa hadithi, tumpongezeje?

Hongera zimfikie, na hongera kwenu nyote wa kundi la waandishi! Dada, umeuliza mumfanyie nini bila kuwavunja moyo waliokataliwa miswada yao. Mimi naona keki si lazima. Nunueni kitabu. Kila anayeweza anunue nakala yake, asiombe ya bure, kwa sababu mwandishi mchanga hupewa nakala chache tu na hizo humalizwa na jamaa.

Kisha kaeni jioni moja Mji wa Kale, kahawa tungu na haluwa zipite, hadithi isomwe kwa sauti. Asisome yeye peke yake, gawaneni kurasa. Mtu akisikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwenziwe hupata furaha ambayo cheti hakiwezi kumpa. Mombasa tunalijua hili. Mashairi ya Muyaka, mshairi wetu aliyefariki 1840, yalikaa vifuani mwa watu kabla Mwalimu Sikujua, msomi wa hapa hapa Mombasa, hajasaidia kuyakusanya, na diwani, yaani kitabu cha mashairi hayo, ikatoka 1940. Bila wasikilizaji wale tusingekuwa nayo.

Kuhusu waliokataliwa, usiwafiche na usiwahurumie mbele za watu. Mwombeni huyo aliyechapishiwa aje na rasimu yake ya kwanza, aonyeshe mhariri alikata wapi na ni nani kati yenu aliyemsomea mapema. Huyo msomaji naye atajwe kwa jina, apigiwe makofi. Halafu, kabla hamjatawanyika, pangeni mswada wa nani utasomwa mkutano ujao.

Tuletee habari, dada. Nikiwa mjini nitakuja kununua yangu.