Jukwaa Chini ya Mbingu: Maswali Yenu Kuhusu Kumbi za Wazi

Safu iliyopita nilisema kuna kumbi za muziki za wazi ambazo mtu anaweza kuzifungia safari hata kama hamjui atakayeimba. Wasomaji wawili wameniambia nimetia chumvi. Waliobaki wameleta maswali, na haya hapa majibu.

Ukipewa nauli ya kwenda mahali pamoja tu, utaenda wapi?

Red Rocks, nje kidogo ya Denver huko Marekani. Majabali mawili mekundu, kila moja na urefu wa mita 90 hivi, yamesimama kushoto na kulia kama kuta, na katikati yake mteremko wa viti unaochukua watu wapatao 9,500. Msanifu wake, Burnham Hoyt, alikuwa na akili ya kutoshindana na mahali: alipanga ngazi za viti katika nafasi aliyoikuta kati ya mawe, basi. Kazi ya mikono ilifanywa na vijana waliopewa ajira na serikali wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, na ukumbi ukafunguliwa mwaka 1941.

Mimi ningeomba safu za juu. Wanaong'ang'ania mbele wanamwona mwimbaji vizuri, nakubali, lakini wanaipa mgongo mandhari yote. Ukiwa juu unaliona jukwaa, nyuma yake tambarare, na giza likiingia taa za Denver zinaanza kuwaka moja moja kwa mbali. Angalizo: pale ni zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea pwani atahema kwenye ngazi zile, na asione haya kupumzika njiani. Na kama tiketi imekushinda, nenda mchana siku isiyo na shughuli. Huingii kwa kulipa, na utawakuta watu wakifanya mazoezi ya kupanda na kushuka viti.

Ni kweli kwamba kule Epidaurus sarafu ikidondoka jukwaani inasikika mpaka kiti cha mwisho?

Hilo ndilo wanaloambiwa watalii wote, na mwongozaji ana sarafu tayari mfukoni. Ukumbi huu wa Ugiriki ulijengwa karne ya 4 kabla ya Kristo, una safu 55 za mawe ya chokaa, 34 chini na 21 juu, nao umelalia ubavu wa kilima chenye misonobari.

Mwaka 2017 watafiti kutoka Eindhoven, Uholanzi, waliupima kwa vifaa. Sarafu ikianguka, aliye juu kabisa anaweza kusikia kuna kitu. Ila kukitambua kwamba ni sarafu, hilo linaishia kama nusu ya ngazi. Mnong'ono unaeleweka kwa waliokaa mbele tu. Mwigizaji akipaza sauti, hapo ndipo hata safu ya mwisho inayapata maneno.

Je, basi tumedanganywa? Si kabisa. Utafiti wa awali wa mwaka 2007, uliofanywa katika chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, ulieleza kuwa safu zile za mawe, kwa jinsi zilivyopandana kama mikunjo, huzipunguza sauti nzito, mfano mvumo wa upepo na gumzo la watazamaji, na kuziacha zile nyembamba zirudi kwa msikilizaji. Sauti ya mtu inabaki safi. Na tusisahau kwamba jengo lililosimama nyuma ya jukwaa enzi hizo halipo tena, kwa hiyo tunachokisikia leo sicho walichokisikia wao. Nenda, kaa juu, na usimdai mwongozaji sarafu yake.

Nina tiketi ya opera kwenye uwanja wa Kirumi wa Verona, Italia. Mvua ikinyesha itakuwaje?

Watakaokimbia kwanza ni wapiga fidla. Fidla ni mbao na gundi, na nyingine zina thamani ya nyumba, kwa hiyo tone moja likianguka utaona safu nzima inainuka na kutoweka. Kisha mnangoja. Mvua ikikata, wanarudi, onyesho linaendelea. Ila soma masharti ya tiketi yako kabla ya kusafiri: pale, onyesho likishaanza halafu likavunjwa na mvua, fedha huwa hairudi. Acha mwavuli, maana aliye nyuma yako hataona kitu na atakwambia. Beba koti la mvua linalokunjika.

Nikuongezee jambo ambalo hukuuliza. Uwanja ule wa Kirumi ni wa karne ya 1, na opera zimekuwa zikichezwa humo tangu 1913, walipoadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa mtunzi Verdi. Kama tiketi yako ni ya ngazi za mawe, usifike dakika ya mwisho. Jiwe limeota jua kutwa nzima na usiku bado lina joto. Unalisikia hata kupitia kitambaa cha suruali. Kisha giza likiingia watu wanawasha vishumaa vidogo, huyu anamwashia yule, mpaka uwanja mzima unameremeta kabla ala ya kwanza haijalia. Saa hiyo moja kabla ya muziki ndiyo inayonifanya nizipende kumbi za wazi kuliko za ndani. Na chukua takia. Saa tatu juu ya jiwe si mchezo.

Mke wangu anataka bahari, mimi nataka mlima. Tutapatana wapi?

Taormina, kisiwani Sicily. Ukuta wa matofali uliojengwa na Warumi nyuma ya jukwaa umebomoka katikati, na kupitia mwanya huo unauona mlima Etna, wenyewe ukitoa moshi, pamoja na Bahari ya Ionia. Ukuta ungebaki mzima msingeona kitu. Mkeo akae upande gani, hayo malizaneni wenyewe.

Picha za jukwaa linaloelea ziwani zimenishangaza. Wapiga ala wanakaa wapi?

Ni Bregenz, nchini Austria, kwenye Ziwa Constance. Kwanza, jina lisikuchanganye: jukwaa la leo limesimama juu ya nguzo zilizokitwa ziwani. Lililoelea kweli ni lile la mwanzo, mwaka 1946, mji ulipokosa ukumbi wa maana na watu wakafunga matishari mawili ufukweni, moja la wachezaji na jingine la wapiga ala. Siku hizi okestra hukaa ndani ya jengo la tamasha, na muziki unaletwa nje kwa spika mbele ya watazamaji kama 7,000. Kuna wanaoona huo ni ujanja. Mimi sioni tatizo, kwa sababu pambo la jukwaa lenyewe ni kubwa kama jengo la ghorofa na linabaki majini misimu miwili, barafu na yote.

Lazima pawe mahali pa kale?

Hapana. Minack, kule Cornwall, Uingereza, unaonekana kama wa Warumi lakini ulianza 1932. Mwanamke aitwaye Rowena Cade aliwapa waigizaji wa jirani nafasi kwenye jabali lililo chini ya bustani yake, bahari ikiwa nyuma ya jukwaa, kisha akaendelea kujenga karibu maisha yake yote. Mchanga aliutoa ufukweni, akauchanganya na saruji, na kabla haijakauka akaichora nakshi kwa ncha ya bisibisi kuukuu. Ukikaa pale, pitisha kidole ubavuni mwa kiti, nakshi zipo.

Mwingine ni Dalhalla, Sweden, machimbo ya chokaa yaliyoachwa mwaka 1990. Shimo lina kina cha mita 60, urefu wa mita 400, na chini kuna maji ya rangi ya feruzi mbele ya jukwaa. Kimondo kilichoanguka eneo hilo zaidi ya miaka milioni 370 iliyopita ndicho kilichoyavuruga matabaka ya mawe. Margareta Dellefors, aliyewahi kuwa mwimbaji wa opera, alitafuta mahali pa kuimbia kiangazi, akasimama ukingoni na kuona ukumbi pale wengine walipoona shimo. Sweta ni lazima.

Na nje ya Ulaya na Marekani?

Baalbek, Lebanon, kama hali ya usalama inaruhusu. Fairuz na Umm Kulthum, waimbaji mashuhuri wa Kiarabu, wote waliimba kati ya mahekalu ya Kirumi yaliyo pale. El Jem, Tunisia, muziki wa okestra ndani ya uwanja wa Kirumi wa karne ya 3. Bustani ya mimea ya Kirstenbosch, Cape Town, Jumapili jioni za kiangazi, watu wamekaa kwenye nyasi na mlima umewaegemea.

Nikikaa nyuma naona ngoma inapigwa kabla sijaisikia. Mitambo mibovu?

Mitambo haina kosa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ukiwa mita 100 kutoka jukwaani inakuchelewea karibu theluthi ya sekunde. Sogea mbele au tazama machweo.

Tamasha likiisha saa sita usiku porini, natokaje?

Usitoke. The Gorge, jimbo la Washington, huchukua watu zaidi ya 25,000 ukingoni mwa korongo la mto Columbia, na magari yao yote yanataka barabara moja kwa wakati mmoja. Wanaojua hulipia nafasi ya hema mapema. Wanalala palepale, na asubuhi wanachemsha kahawa nje ya hema huku waliong'ang'ania kuondoka usiku wakiwa bado wanatafuta usingizi.