Mama, Usimharakishe Kijana Kwenda Melbourne

Juma lililopita mama mmoja wa hapa Shepparton aliniuliza kama amruhusu mwanawe wa miaka 17 aiache klabu yetu ya mkoani na kuhamia Melbourne, kilomita karibu 180 kutoka hapa, akatafute nafasi katika mpira wa Kiaustralia, ule wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu. Nilimjibu kwa simu, lakini ningependa na wazazi wengine wasikie, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kwenda.

Nilikuwa na miaka 19, mtoto wa Wakongo, tena mfungaji bora wa klabu msimu ule. Katika mchezo huu, mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu ni pointi 6, na ukipita kati ya mlingoti mrefu na ule mfupi wa pembeni ni 1 tu. Mimi nilizizoea zile 6. Klabu ya mjini iliyonichukua kwa majaribio ilinipeleka kwenye ulinzi, nafasi ambayo sikuwahi kuicheza, na baada ya majuma 11 mtu mmoja mwenye orodha mkononi aliniambia, tukiwa tumesimama mlangoni, kwamba sihitajiki tena. Nilirudi kwa treni, njumu zangu zimo katika mfuko wa plastiki, zingali na tope la asubuhi ile. Miaka 9 imepita, na bado naamini kwamba sikutendewa haki.

Hata hivyo, nilikwenda kabla sijakomaa: mbio nilikuwa nazo, lakini kuishi peke yangu na kuomba msaada sikujua. Na kurudi nyumbani si mwisho: mchezaji maarufu Gary Ablett, yule baba na si mwanawe wa jina hilohilo, kijana wa mji wa Drouin, alichezea klabu kubwa ya Hawthorn mechi 6 tu mwaka 1982, akarudi mkoani kuchezea klabu ya Myrtleford, na mwaka 1984 akaingia klabu nyingine kubwa, Geelong. Katika fainali ya 1989 alifunga magoli 9 na kutangazwa mchezaji bora, ingawa timu yake ilishindwa kwa pointi 6. AFL, ligi kuu ya mchezo huu, humruhusu kijana kuchaguliwa na klabu zake kuanzia mwaka anaotimiza miaka 18, na haikuweka umri wa mwisho. Basi haraka ya nini? Mwacheni kwanza apambane na watu wazima hapa nyumbani, asikose mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, ajifunze kupika na kufua.

Yule mama amekubali kijana amalize msimu. Alhamisi jioni nilimkuta kijana mwenyewe mbele ya ubao wa klabu, akishuka na kidole kwenye orodha ya kikosi cha kwanza cha Jumamosi, hadi kikasimama kwenye jina lake.