Boti ya kujaza upepo: ya sakafu ya vibao mita 2.3 au ya sakafu ya kujaza upepo mita 2.7?

Mkuu, kwa ulivyoeleza, yaani mko wawili wa kuvua, mnaingilia baharini Kunduchi, Dar es Salaam, sasa hivi ni makasia na injini ndogo itafuata, mimi ningechukua ya 2.7. Nina ya vibao ya 2.3, shemeji yangu ana ya sakafu ya upepo, na huwa tunaazimana.

Muuzaji anasema ya 2.3 inabeba watu wawili na mtoto. Kubeba itabeba, ila pima ndani. Kwa vipimo ulivyoweka, upana wa nje ni sm 135 na kila boya la ubavuni lina unene wa sm 36. Toa mara mbili, zinabaki sm 63 za kukaa nyinyi, ndoo, nanga na pampu. Kuvua humo ni kugombana. Tena haina mkuku, ule uti wa chini ya boti unaoishikisha njia: ukivuta kasia inazungusha pua, na upepo ukija wa ubavuni nguvu zako zinaishia kuinyoosha tu. Mchanga nao ukiingia chini ya vibao unasaga turubai polepole. Ya 2.7 ina mkuku wa kujaza upepo, inashika njia.

Ubaya wake ni uzito, kilo 32 dhidi ya 23. Siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukirudi yamekupwa utaibeba mbali. Mko wawili, mtaweza. Ungekuwa peke yako ningekujibu vingine.

Hujauliza habari ya jua, na ndilo linaloua boti hizi huku kwetu. Ukijaza maboya asubuhi kwa nyuzi 25 hadi bar 0.25 (kipimo cha msukumo wa hewa), kisha ukaiacha mchangani hewa ya ndani ikafika nyuzi 45, kipimo kinasogea karibu na 0.33. Hiyo ni theluthi nzima imeongezeka bila wewe kugusa pampu. Kwa hiyo ijaze pungufu kidogo, iingize majini ipoe, ndipo umalizie. Ukiitoa, punguza upepo na uifunike. Na muulize muuzaji maungio yameunganishwa kwa joto au kwa gundi. Joto letu na unyevu huu gundi huiachisha mapema. Akikuambia ya 2.7 ni ya gundi na ya 2.3 ni ya joto, hapo hata mimi ningesita.

Mbudya nendeni mkaogelee, msivue. Kile kisiwa ni eneo tengefu la bahari tangu 1975. Kipindi cha kusi tokeni alfajiri mrudi kabla upepo haujachangamka mchana, na jaketi okozi mzivae, si kuzikalia.

Injini usinunue kwanza. Soma kibandiko cha boti kinachotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa, halafu hakikisha ubao wa tezi, ule wa nyuma unaofungwa injini, unakubali injini ya shafti (mguu) fupi, maana injini zilizotumika zinazouzwa mjini nyingi ni za shafti ndefu za boti za mbao.